Mvua Ikinyesha, Geti Linapiga Shoti

Kila masika ikianza, kazi zangu za ufundi umeme hapa Tanga huhama kutoka ndani ya nyumba kwenda nje: taa za ukuta, taa za geti, taa za bustani, ile balbu ya uani karibu na choo. Barua za wasomaji za mwezi huu nazo zimefuata mvua. Nimechagua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu niliisoma nikiwa na hofu.

"Fundi alisema breka ni mbovu, akaitoa"

*Dada Fundi, shikamoo. Nimejenga Kange. Nina taa sita juu ya ukuta wa uzio na mbili kwenye nguzo za geti la chuma. Mwaka wa kwanza hazikuwa na shida. Vuli iliyopita ndipo mambo yakaanza: mvua ikinyesha nyumba nzima inazimika, ile breka kubwa yenye kitufe inashuka, hata kama swichi ya taa za nje imezimwa. Ukiipandisha inashuka tena, mpaka kesho yake saa nne jua likishawaka ndipo inakubali. Nikaita fundi. Akasema breka hiyo ni mbovu, akaitoa na kuunganisha waya moja kwa moja. Kweli umeme haukatiki tena. Lakini juzi jioni mwanangu wa miaka saba alisema geti linamng'ata. Nikaligusa kwa mgongo wa mkono, nikasikia linasisimua. Na LUKU inaisha haraka. Nianzie wapi?*
*Baba wa Watatu, Kange*

Marahaba, mdogo wangu. Anza hivi: weka gazeti chini, nenda kwenye boksi la breka, zima ile ndogo ya taa za nje. Kama huijui ni ipi, zima mein switchi. Watoto wasilisogelee geti mpaka fundi alipime. Na wewe usilijaribu tena kwa mkono, iwe mgongo wa mkono au kiganja. Jioni ile huenda ulikuwa umevaa ndala na ardhi ilikuwa kavu kiasi. Siku ukiwa peku kwenye tope, mambo ni mengine.

Umeshazima? Sasa tuzungumze.

Breka uliyotolewa, ile ya kuzuia umeme kuvuja, ilikuwa nzima na ilikuwa inafanya kazi yake. Kazi yenyewe ni kulinganisha. Umeme unaotoka kwa waya wa moto lazima urudi wote kwa waya wa nyutro. Ukipungua njiani kwa miliampia 30, breka hiyo inakata kabla hujamaliza kupepesa jicho. Maana umeme uliopungua haukupotea hewani. Umepita ukuta uliolowa, au udongo, au mwili wa mtu aliyeshika geti.

Breka ndogo ya ampia 10 haiangalii hayo kabisa. Yenyewe inangoja umeme mwingi upite. Nyumba zetu nyingi zina athi rodi moja, ile fimbo ya chuma ya kupeleka umeme ardhini, iliyopigwa pembeni ya ukuta, na kwenye mchanga wa pwani si ajabu kuipima ukakuta ukinzani wa omu 50. Gawa volti 230 kwa 50: ampia 4.6. Waya wa moto unaweza kugusa chuma usiku kucha, ampia nne na ushee zikamwagika ardhini, na breka ya 10 ikatulia tu. Ndipo LUKU nayo inapokwenda. Hata mvujo wa nusu ampia ni wati 115. Taa zikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku, hiyo ni karibu uniti 1.4 unazonunua kila siku ili ziingie udongoni.

Nataka nikwambie kwa nini jambo hili silichukulii kirahisi. Mwaka wangu wa kwanza nikijifunza kazi, tulikwenda na mkubwa wangu kwenye nyumba moja nje kidogo ya mji, malalamiko kama yako. Mwenye nyumba alikuwa amechoka kukaa gizani, akatuomba tuitoe breka ile. Mkubwa wangu alisita, kisha akaniambia niitoe. Niliitoa kwa mkono wangu huu. Siku ya nne tukapigiwa simu: mbuzi amekutwa amekufa, ubavu umeegemea nguzo ya chuma ya taa ya bustani. Mchana wake, kwenye nguzo hiyohiyo, watoto wa nyumba ile walikuwa wamefunga kamba ya kurukia. Tulirudi, nikairudisha breka, na tangu siku hiyo hakuna mteja aliyewahi kunishawishi niondoe nyingine.

Sasa tutafute ubovu. Barua yako ina vidokezo viwili vya maana sana, na fundi aliyekuja angevisikiliza asingehangaika.

Cha kwanza: breka ilishuka hata swichi ya taa ikiwa imezimwa. Swichi ya kawaida inakata waya wa moto tu. Nyutro inabaki imeunganishwa mpaka kwenye taa ya mwisho. Kwa hiyo maji yamekutanisha nyutro na athi au na ukuta mahali fulani, na umeme wa friji au wa televisheni yako, ukiwa unarudi kwa nyutro, unaiba njia ya mkato kupitia uzio. Breka inaona pungufu, inashuka. Ndiyo maana kuzima kibreka kidogo cha taa za nje hakusaidii katika hali hiyo, na mafundi wengi hapo ndipo wanapopotea, wanasema "si taa za nje, nimezizima."

Cha pili: geti limeng'ata jioni, bila shaka taa zikiwa zimewashwa. Hapo ni waya wa moto nao unavuja, na unavuja karibu na geti. Na geti likishapiga shoti maana yake chuma chake hakina athi ya kweli. Naweza kukisia fundi wa kwanza alivuta nyaya mbili tu, moto na nyutro, akaona waya wa tatu ni gharama. Kisio tu, apime.

Fundi utakayemwita, mwombe akuonyeshe leseni yake ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kisha muulize kama ana mega, kile kipimo cha kuonyesha kama nyaya zinavujisha umeme. Akisema anayo multimita, mweleze kwa upole kwamba haitoshi. Multimita inapima ukinzani kwa nguvu ya betri yake ndogo, na unyevu mwembamba ndani ya konekta unaweza kuipita bila kuonekana. Mega inasukuma volti 500. Penye maji pataumbuka.

Mimi ninavyofanya ni hivi. Nazima mein switchi, nahakikisha kwa tesita kwamba hakuna umeme, na tesita yenyewe naijaribu kwanza mahali ninapojua pana umeme, maana tesita iliyokufa nayo inasema "hakuna." Kisha nachomoa kwenye boksi nyaya zote mbili za taa za nje, moto pamoja na nyutro. Natoa balbu zote, na kama kuna fotoseli (kile kifaa kinachowasha taa giza likiingia) au taa za LED zisizo na holda nazitenganisha, kwa sababu volti 500 zinaweza kuziua na pia zitanidanganya. Napima moto na athi, halafu nyutro na athi. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, njia hiyo haifai kuwashwa. Waya mzuri, mkavu, utakupa makumi au mamia.

Wewe una taa nane, na nadhani zimeunganishwa moja kwenda nyingine kwa mstari. Wengi huanza kufungua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka jua linazama. Mimi nafungua ya nne. Nazitenganisha nyaya pale, napima upande wa nyumba, napima upande wa geti. Upande mmoja utakuwa mzuri, nauacha. Upande mbovu una taa nne, naugawa tena katikati, zinabaki mbili, naugawa tena. Mara tatu umeshika ubovu mkononi. Kwa kesi yako ningeanza na nguzo za geti kwa sababu mtoto ameshatuonyesha, lakini nisingeishia hapo: nyutro inaweza kuwa inavuja kwingine.

Ni vizuri kazi hii ifanyike asubuhi baada ya mvua, siyo mchana wa jua. Ubovu wa maji ni kama mwizi, ukikawia kufika unakuta kaondoka. Fundi akija saa nane mchana na jua limekausha ukuta, atapima vizuri kila mahali na kukuambia hakuna tatizo. Kama hawezi kuja asubuhi, mwambie amwagie maji taa moja baada ya nyingine kwa ndoo, mein ikiwa imezimwa, huku anapima kwa mega.

Atakuta nini? Nikueleze nilichokikuta masika iliyopita, nyumba moja Raskazone, ukuta unaotazama bahari. Taa ya tano. Kwa nje ilikuwa safi, kioo kinang'aa. Skrubu zilikataa kufunguka, kutu ya chumvi ilikuwa imezishika, ikabidi niziloweke mafuta nikasubiri. Nilipoitoa kifuniko, maji ya kiasi cha kikombe cha kahawa yakanimwagikia kifuani. Ndani alikuwamo mjusi mkavu, amelala juu ya konekta, mkia kwenye moto na kichwa kwenye nyutro. Sisimizi walikuwa wamejaza udongo mpaka nusu ya boksi, na udongo ule ulikuwa umelowa. Shaba ya waya wa moto ilikuwa imegeuka kijani na kukatika kwa kuigusa tu. Aliyefunga taa ile alikuwa amejitahidi: alipaka silikoni pande zote nne, juu, chini, kushoto, kulia. Na kosa ndilo hilo la chini.

Maji hayaingii kwa mvua peke yake. Usiku hewa ndani ya taa inapoa, unyevu unageuka matone. Tena paipu inayotoka juu ya ukuta inaleta maji yake taratibu kama mfereji. Taa yoyote ya nje, hata iliyoandikwa IP65, alama ya kuzuia vumbi na maji, inaweza kupata maji kidogo baada ya muda. Ukiziba chini umetengeneza kikombe. Silikoni ipakwe juu na ubavuni, chini paachwe tundu dogo la kutolea maji kama mtengenezaji ameliweka. Waya uingie kwa chini kupitia glandi inayobana, na kabla ya kuingia ushuke kidogo kisha upande, ili tone likifuata waya lidondoke kwenye mpindo badala ya kuingia nao ndani. Halafu hakuna kuunganisha nyaya ndani ya paipu na kuzungushia tepu. Gundi ya tepu inayeyuka kwa jua la miezi michache, tepu inafunguka yenyewe kama ganda la ndizi, na kiungo kinabaki uchi humo ndani ambamo hakuna atakayekiona. Viungo vyote viwe ndani ya joint boksi linalofikika, juu ya ardhi.

Kama kuna waya uliopita chini ya njia ya gari kufika nguzo ya pili ya geti, uchunguzwe nao. Umefukiwa kina gani? Nimeshakuta waya wa ndani ya nyumba, ule wa kawaida, umefukiwa kiganja kimoja chini ya mchanga bila paipu, na jembe la mtunza bustani limeupasua. Mwezi wa kwanza haukuonyesha kitu. Shaba iliendelea kuliwa na unyevu mpaka mvua ya pili.

Mwishowe fundi arudishe breka ya kuzuia kuvuja, ya miliampia 30, avute waya wa athi mpaka kwenye chuma cha geti na kila taa ya chuma, kisha abonyeze kile kitufe cha T mbele yako. Ikishuka, ni nzima. Nakushauri pia taa za nje ziwe na breka yao ya kuvuja peke yake, tofauti na ya nyumba. Siku maji yakiingia tena, zitazimika za nje tu, nyama kwenye friji isiharibike, na hakuna atakayeshawishika kuitoa.

Niandikie mkiipata taa mbovu. Nataka kujua ni ya ngapi.

"Ninazima taa, haizimiki"

*Dada Fundi, hujambo? Taa ya barazani kwangu ni ya LED. Nikizima swichi usiku, inabaki na mwanga hafifu, kama inakonyeza. Balbu ya zamani haikuwa hivyo. Wanangu wanasema kuna jini. Ni hatari?*
*Mama Mkubwa, Muheza*

Sijambo, shikamoo Mama. Inawezekana ni hatari, na inawezekana ni usumbufu tu. Ni lazima kupima.

Jambo la hatari ni hili: fundi alikosea akapitisha nyutro kwenye swichi badala ya waya wa moto. Ukizima, taa inazimika kwa sababu njia ya kurudi imekatwa, lakini holda bado ina volti 230. Anayekuja kubadilisha balbu, amesimama kwenye stuli, ameshika ukuta wenye unyevu, anaamini amezima. Balbu ya zamani ilihitaji umeme mwingi ili iwake ndiyo maana haikulifichua kosa hili. LED inatosheka na chembe. Fundi azime swichi, kisha apime kati ya waya unaokuja kwenye holda na athi. Akipata volti 230 swichi ikiwa imezimwa, nyaya zibadilishwe siku hiyohiyo. Na zikiwa zimegeuzwa barazani, akague swichi nyingine zote za nyumba, maana mkono ulikuwa mmoja.

Akikuta waya wa moto uko sawa kwenye swichi, basi aangalie kama swichi ina kile kitaa kidogo chekundu cha kuonyesha gizani. Kitaa hicho kinapitisha umeme kidogo sana kwenye balbu. Ondoa swichi hiyo, weka ya kawaida. Na kama haina kitaa, nyaya ndefu zilizolala pamoja kwenye paipu moja huazimana umeme hata bila kugusana. Hapo jaribu balbu ya aina nyingine. Mara nyingi inatosha. Tesita ya bisibisi isitumike kuamua, maana inawaka kwa umeme wa kuazima kama inavyowaka kwa umeme wa kweli.

"Fotoseli inawasha na kuzima usiku kucha"

*Fundi, mambo vipi? Nimefunga taa ya usalama yenye fotoseli, mwenyewe. Ikifika saa moja inawaka, inazimika, inawaka, inazimika. Nimebadilisha fotoseli mara mbili.*
*Kijana wa Kigamboni*

Poa, mdogo wangu. Fotoseli inaona mwanga wa taa yake yenyewe. Giza linaingia, inawasha. Taa inaimulika, inadhani kumekucha, inazima. Ihamishe juu ya taa au nyuma ya ukuta mahali inapoona anga peke yake. Kuta nyeupe nazo zinarudisha mwanga, kwa hiyo usiishie kuigeuza tu. Kabla hujahamisha, zima breka mchana, uizibe kwa kitambaa cheusi, washa tena: taa ikiwaka na kutulia, jibu umelipata, na fotoseli ya tatu usinunue.

Kuna jambo lingine nataka ulikague kwa kuwa umefunga mwenyewe. Fotoseli nyingi nilizofunga zina waya mweusi, mweupe na mwekundu. Mweusi ni moto unaoingia, mweupe ni nyutro, mwekundu ndio unaokwenda kwenye taa. Ukiwa umezoea nyaya za nyumba zetu za zamani, ambako nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro, mkono unafunga kinyume kabla akili haijafika. Soma mchoro ulio kwenye ganda la fotoseli yenyewe.

"Nimwage chumvi kwenye athi rodi?"

*Dada, jirani yangu kaniambia athi rodi yangu haina nguvu, niifukue nimwage chumvi kilo mbili na mkaa. Kweli?*
*Msomaji, Sahare*

Chumvi itashusha ukinzani kwa muda, hilo jirani hakudanganya. Kisha mvua itaiosha, na kabla haijaiosha itakuwa imeila klempu, kile kibano cha kushikia waya, na rodi yenyewe. Sahare tayari mna chumvi ya kutosha hewani. Ipime kwanza kwa kipimo cha athi, usiikisie. Ikiwa juu, pigilia rodi ya pili, umbali kutoka ya kwanza usipungue urefu wa rodi yenyewe. Zikikaribiana zinagombania udongo uleule. Ziunganishe kwa waya wa shaba usiokatwa njiani. Klempu zote mbili zibaki ndani ya kashimo kenye mfuniko, usizizike kwa zege, ili kila masika ikikaribia ufunue, uguse kwa spana uone kama zimelegea, na usugue kutu.